Jiwe Linalopinda kwa Mikromita Mbili

Chini ya tangi la kiwanda, pale tope, asidi na maji ya moto yanapokutana, mara nyingi kuna kisahani cheupe chenye upana wa sentimita 2 hivi. Hakina sehemu inayozunguka wala hakitoi sauti. Juu yake kuna mita 10 za kimiminika zinazokikandamiza usiku na mchana. Kazi yake ni kukubali kupinda kidogo, kwa kiasi kinacholingana na mzigo huo, kisha mzigo ukiondoka kirudi palepale kilipokuwa. Kisahani hicho ni kiwambo cha kihisi cha shinikizo, na kimetengenezwa kwa kauri. Mafundi wa viwandani na wa magari hukiita sensa, hukifunga mahali pake, kisha hukisahau kwa miaka. Mimi nadhani ni miongoni mwa kazi safi kabisa za mikono ya binadamu, na usafi huo hauonekani mpaka mtu afuatilie hatua kwa hatua jinsi kinavyotengenezwa.

Kanuni yenyewe ni ya zamani. Vibamba viwili vya metali vikielekeana bila kugusana huhifadhi chaji ya umeme, na vikikaribiana huhifadhi zaidi. Chupa ya Leiden, iliyobuniwa Ujerumani na Uholanzi karibu wakati mmoja, kati ya 1745 na 1746, ndiyo iliyokuwa kapasita ya kwanza. Mwaka 1916 E. C. Wente wa Marekani aliitumia kanuni hiyo kunasa sauti: hewa ilitikisa kiwambo chembamba cha metali, nafasi kati yake na kibamba cha nyuma ikabadilika, na umeme ukabadilika nayo. Maikrofoni za kapasita zilizomo studio hadi leo zimetoka huko. Kihisi cha kauri ni ndugu wa maikrofoni hiyo, ila chenyewe hupelekwa mahali ambapo maikrofoni isingemaliza siku.

Tuanze na mali ghafi, kwa sababu nusu ya ufundi imo humo. Kauri inayotumika zaidi kwa kazi hii ni alumina, yaani oksidi ya alumini. Ni dutu ileile ya yakuti. Mawe mekundu yanayochimbwa Longido na upande wa Tsavo, na yale ya rangi nyingi ya bonde la Umba, ni alumina iliyojipanga kuwa fuwele kubwa ikanasa chembe za metali nyingine: kromi huipa wekundu, chuma na titani huipa ubuluu. Alumina safi ya viwandani haina rangi ya kujivunia. Ni nyeupe, na kila fundi wa bodaboda ameishika, kwa kuwa sehemu nyeupe ya plagi ndiyo hiyo. Huyeyuka ikishapita nyuzi 2000 za Selsiasi. Katika vitu vya kawaida vya karakana, almasi ndiyo inayoikwangua bila shida. Asidi nyingi haziigusi, na umeme haupiti ndani yake.

Lakini ugumu na ustahimilivu wa joto si sifa ninazozistahi zaidi. Ninachokistahi ni kwamba alumina haizoei. Metali ikipindwa mara nyingi, hasa penye joto, hubadilika kidogo kidogo kwa ndani. Inarudi, ila si palepale, na baada ya miaka sifuri yake si ile sifuri ya mwanzo. Alumina katika joto la kawaida la viwandani hunyumbuka kwa kipimo kilekile hadi siku itakayovunjika. Kati ya kunyumbuka na kuvunjika hakuna hatua ya kulegea. Kwa chombo cha kupimia, tabia hiyo ni hazina: kikiwa kizima kinasema kweli, na kisipokuwa kizima kinajulikana mara moja.

Unga wa alumina hutokana na boksiti, kwa njia iliyobuniwa na mkemia Carl Josef Bayer miaka ya 1880. Ukitoka huko hausagwi tu ukaingizwa motoni. Chembe zake zinatakiwa ziwe ndogo sana na zinazokaribiana ukubwa, na usafi ufike asilimia 96 kwa kazi za kawaida, au 99.9 kwa vihisi vya hali ngumu. Uchafu kidogo wa silika au sodiamu huyeyuka wakati wa kuchoma, ukakaa kwenye mipaka kati ya chembe na chembe, na hapo ndipo kemikali kali itakapopata mlango wa kuingilia miaka mingi baadaye. Anayenunua unga mchafu leo amekwisha kuamua kihisi chake kitakufa vipi.

Unga huchanganywa na gundi ya muda, ukashindiliwa kwenye kalibu au kutandazwa kuwa tepe nyembamba, kisha ukachomwa kwenye tanuri linalofika nyuzi 1600 au zaidi. Hautakiwi kuyeyuka. Chembe hushikana zikiwa bado mango, mianya iliyo kati yake hujifunga, na kipande kizima husinyaa, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 20 kila upande. Mfinyanzi wa Pare naye hujua kwamba chungu kibichi ni kikubwa kuliko kitakachotoka motoni, na huufinyanga udongo akilijua hilo. Tofauti ni kwamba huyu wa alumina lazima aujue usinyaaji wake hadi sehemu ndogo ya asilimia, kwa kila gunia jipya la unga, la sivyo visahani vyake vitatoka vimejikunja kingo.

Kuna mtu mmoja ambaye kila anayechoma alumina safi ana deni kwake. Robert Coble, akifanya kazi General Electric huko Marekani miaka ya 1950, aligundua kwamba ukiongeza magnesia kidogo tu, chini ya asilimia 1, chembe za alumina haziwahi kukua ovyo wakati wa kuchomwa. Chembe moja ikikua ovyo humeza jirani zake pamoja na mianya yao, na mianya hiyo hubaki imefungiwa ndani milele. Magnesia huzuia hilo, na mianya hupata muda wa kutoka. Alumina aliyoitengeneza Coble ilikuwa haina mianya kiasi cha kupitisha mwanga, na hataza yake ilitoka 1962. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana taa za sodiamu za rangi ya machungwa zilizomulika barabara za miji yetu kabla ya LED kuingia: ndani ya kila taa kulikuwa na mrija wa alumina, kwa sababu mvuke wa sodiamu katika joto lile ungeitafuna silika. Tuliishi chini ya mwanga wa ujuzi huu miaka mingi.

Kisahani kikitoka tanurini bado hakijawa kiwambo. Lazima kisagwe hadi unene wake uwe sawa kila mahali, na hapa hesabu inaanza kubana. Chukua kiwambo chenye nusu kipenyo cha milimita 9 na unene wa nusu milimita. Kiweke chini ya shinikizo la bar 1, ambalo ni sawa na mita 10 za maji. Katikati kitapinda mikromita 2 na nusu. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa, kiasi cha kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene: ukipunguza unene kwa nusu, kiwambo hupinda mara 8 zaidi, na ukikosea unene kwa asilimia 1, umekosea kipimo kwa 3. Nusu kipenyo ni kikali zaidi, kwa kuwa kinaingia kwa kipeo cha nne. Kosa la asilimia 1 pale ni kosa la 4 kwenye jibu. Ndiyo maana kusaga huchukua muda. Unga wa almasi ulio ndani ya kimiminika huzungushwa kati ya bamba la mashine na kauri, ukila polepole, na msagaji hapati thawabu yoyote kwa haraka.

Ubapa nao huangaliwa kwa njia ambayo mimi naiona nzuri kuliko mashine nyingi ghali. Kioo bapa kabisa huwekwa juu ya uso uliong'arishwa, chini ya taa ya rangi moja. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo na ule unaorudi kutoka kwenye uso wa chini hukutana, na hapo hutokea mistari ya giza na nuru. Ikiwa imenyooka na kuachana sawasawa, uso ni bapa. Ikijipinda, pana kilima au bonde, na umbo la mistari humwambia fundi pale pa kurudi. Kutoka mstari mmoja hadi wa pili kuna tofauti ya kimo ya nusu ya wimbi la mwanga, ambayo kwa taa ya manjano ya sodiamu ni karibu mikromita 0.3. Jicho tupu, kioo na taa, na mtu anasoma sehemu ya mikromita.

Kiwambo peke yake hakipimi kitu. Kinahitaji kitako: kisahani kinene cha alumina ileile, ambacho hakipindi. Juu ya nyuso zinazoelekeana huwekwa elektrodi, tabaka jembamba la metali. Njia iliyozoeleka ni kuchapa kwa skrini, kazi ambayo wachapaji wa fulana wa Kariakoo wangeitambua bila kuelezwa: wavu uliokazwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zimezibwa, na mpira unaosukuma rangi ipite. Hapa rangi ni uji wa chembe za dhahabu. Baada ya kuchapwa hukaushwa, kisha hupitishwa kwenye tanuri la nyuzi 850 hivi, gundi ikaungua na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania kauri.

Ndipo inapokuja hatua ambayo kwangu ndiyo roho ya kazi nzima: kukiunganisha kiwambo na kitako. Nafasi kati yao inaweza kuwa mikromita 30, yaani sehemu 3 za mia za milimita, na lazima iwe ileile kuzunguka duara zima. Mkanda wa kiungo huchapwa kwenye ukingo, kwa kawaida ukiwa uji wa unga wa glasi. Visahani hubanwa pamoja na kuchomwa tena, glasi ikalainika na kushika pande zote mbili. Kiungo hicho kinabeba majukumu manne kwa pamoja. Ndicho kinachozuia maji na asidi kuingia. Unene wake ndio unaoamua nafasi kati ya elektrodi. Ukingo wake wa ndani ndio unaoamua nusu kipenyo cha kiwambo, kile kinachoingia kwa kipeo cha nne. Na kinapopoa pamoja na kauri, kama hakisinyai kwa kiwango kinachokaribiana sana na cha alumina, kitakiacha kiwambo kimevutwa au kimebanwa daima, na sifuri ya kihisi itahamahama joto linapobadilika. Mtengenezaji wa glasi hiyo hutumia muda mwingi kulinganisha usinyaaji huo.

Glasi ina udhaifu wake. Magadi makali ya moto huila polepole, na unyevu wa miaka mingi huidhoofisha. Kwa sababu hiyo kuna waliochagua njia ngumu zaidi: kulehemu kauri kwa kauri kwa pete ya aloi yenye zirkoni, nikeli na titani, ndani ya tanuri lenye ombwe. Metali za kawaida zilizoyeyuka haziishiki alumina. Hujikusanya matone na kuteleza. Titani na zirkoni zina uchu wa oksijeni kiasi kwamba huinyang'anya kauri oksijeni kidogo usoni, na hapo kwenye mpaka kiungo cha kweli huzaliwa. Uchu huohuo ndio unaolazimisha ombwe. Hewa ingeingia tanurini, metali hizo zingeshiba kabla ya kuigusa kauri.

Ufundi huu umekomaa hasa kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika vilima vya Schwarzwald. Huko Maulburg kampuni ya Endress+Hauser hutengeneza selo, yaani viwambo vilivyokwisha kuunganishwa na vitako vyake, za alumina ya asilimia 99.9 kwa jina la Ceraphire, na Schiltach, upande mwingine wa milima hiyo, kampuni ya VEGA hutengeneza zake ziitwazo CERTEC. Endress+Hauser ilianza 1953 katika mji wa Lörrach, mhandisi wa Kiswisi Georg H. Endress akishirikiana na mtu wa benki, Ludwig Hauser. Biashara yao ya kwanza ilikuwa kuuza kifaa cha kielektroniki kutoka Uingereza cha kupimia kimo cha vitu ndani ya matangi. Ni eneo ambalo tangu karne ya 18 lilijulikana kwa saa za ukutani, na watu wake hawaoni ajabu mtu kutumia maisha yake kwenye kipande kidogo cha chombo.

Sasa tuone kinachosomwa. Kwa kiwambo chetu cha mfano, elektrodi yenye nusu kipenyo cha milimita 8 na nafasi ya mikromita 30 hutoa kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya karibu pikofaradi 60. Bar 1 ikikandamiza, idadi hiyo huongezeka kwa takriban 2. Mteja anataka usahihi wa sehemu moja ya elfu. Basi mtengenezaji lazima atofautishe mabadiliko ya sehemu mbili za elfu za pikofaradi moja, na kwa lugha ya umbali hiyo ni nanomita 2 na nusu katikati ya kiwambo, umbali wa atomi chache. Hali ya hewa peke yake inatosha kuficha mabadiliko hayo: unyevu ukiingia kwenye nafasi ile, au joto likipanda, kapasitansi hubadilika hata kama hakuna aliyeugusa mzigo.

Jibu la tatizo hilo ni zuri mno. Kwenye kitako huchapwa elektrodi mbili badala ya moja: duara la katikati, na pete nyembamba inayolizunguka karibu na kiungo. Kiwambo kinapopinda, katikati husogea sana, lakini pale ukingoni kimeshikwa, karibu hakisogei kabisa. Kwa hiyo duara huhisi shinikizo, na pete haihisi. Lakini unyevu na joto, zote mbili huvihisi kwa kiasi kilekile. Sakiti huchukua tofauti ya kapasitansi hizo mbili na kuigawa kwa ile ya katikati. Kila kilichozipata zote mbili kwa pamoja hujifuta. Na kwa kuwa kapasitansi huenda kinyume na umbali, mgawanyo huo hunyoosha pia mkunjo wa hesabu, hivyo jibu linalotoka hufuata shinikizo kwa mstari ulionyooka. Pete moja ya dhahabu, iliyochapwa kwa mkupuo uleule wa skrini, bila gharama ya ziada, imeondoa matatizo mawili. Nikiulizwa ni wapi katika kifaa hiki akili ya binadamu inaonekana waziwazi, nitaonyesha pete hiyo.

Pikofaradi 2 huibiwa kwa urahisi. Waya wa koaksia wa mita moja huwa na pikofaradi 100 hivi zake wenyewe, na ukitikiswa tu huzibadilisha. Hivyo sakiti ya kusoma haiwezi kukaa mbali. Chipu yake hukaa mgongoni mwa kitako, mara nyingi juu ya njia za umeme zilizochapwa kwenye kauri ileile, na elektrodi huunganishwa nayo kwa pini zinazopita ndani ya kitako. Kisha kila kihisi hupitishwa kwenye vyumba vya baridi na joto huku kikikandamizwa kwa shinikizo linalojulikana. Tabia zake huandikwa kwenye kumbukumbu ya chipu hiyo. Hakuna viwili vinavyofanana, na hakuna anayejaribu kuvilazimisha vifanane. Kila kimoja huondoka kiwandani kikiwa na maelezo yake binafsi.

Kabla ya kuingia matangini kwa wingi, kauri ya kapasita ilipata umaarufu barabarani. Fred Kavli alizaliwa 1927 katika kijiji cha Eresfjord, Norway, na baada ya kusoma fizikia ya uhandisi Trondheim alihamia Amerika, ambako mwaka 1958 alianzisha Kavlico karibu na Los Angeles. Kampuni yake ilitengeneza vihisi vya ndege, kisha vihisi vya shinikizo vya kauri kwa magari. Alipoiuza mwaka 2000, fedha zake aliziweka kwenye mfuko wa sayansi, na tuzo za Kavli hutolewa tangu 2008 kwa wanaochunguza vitu vikubwa kabisa, vidogo kabisa na vyenye utata kabisa: anga za mbali, nanosayansi na ubongo. Leo kihisi cha aina hiyo, chenye nyaya 3 na mwili wa metali, hukutwa kwenye bomba la gesi ya kiyoyozi cha magari mengi, kikiilinda kompresa isijipasue. Joto la boneti, mtikisiko wa barabara ya vumbi, mafuta na gesi: hiyo ndiyo hali ngumu ya kila siku.

Kwenye viwanda vya vyakula, faida kubwa ya kihisi cha kauri ni ukavu. Vihisi vingi vya shinikizo vina kiwambo chembamba cha metali mbele, na nyuma yake mafuta yanayopeleka shinikizo hadi kwenye kipande cha silikoni. Kiwambo kikitoboka, mafuta yanaingia kwenye maziwa au bia. Kwenye ombwe, gesi iliyomo ndani ya mafuta hutoka na kuharibu kipimo. Selo ya kauri haina tone la mafuta. Kiwambo chenyewe ndicho kinachogusa kimiminika na ndicho kinachopima. Na shinikizo likizidi mno, kwa mfano vali ikifungwa ghafla na maji yakapiga bombani, kiwambo hujilaza juu ya kitako kilicho makumi machache ya mikromita nyuma yake na kusubiri. Alumina ikibanwa ina nguvu mara kadhaa kuliko ikivutwa, kwa hiyo mkao huo unaupa mzigo upande ulio imara zaidi. Kikivunjika kweli, kimiminika huingia kwenye nafasi, na kwa kuwa maji huongeza kapasitansi karibu mara 80 kuliko hewa, kifaa hutoa ishara ya hitilafu papo hapo badala ya kuendelea kudanganya.

Joto kali bado lilikuwa mpaka. Kauri ingeweza kuvuka, lakini sakiti za kawaida za silikoni huanza kushindwa zinapokaribia nyuzi 150. Wahandisi wa Georgia Tech huko Atlanta waliamua kuiacha sakiti nje. Walitumia tepe laini za unga wa kauri na glasi, wakazitoboa, wakazipanga tabaka juu ya tabaka na kuzichoma hadi zikawa mwili mmoja wenye chumba kilichofungwa ndani. Kazi hiyo ina mtego wake, kwa kuwa dari la chumba huelekea kubonyea likiwa bado laini. Ndani kulikuwa na kapasita, na pembeni yake koili, basi. Hakuna betri wala waya. Antena ya nje hutuma mawimbi, na kapasita na koili hujibu kwa masafa yake, nayo masafa hayo hubadilika shinikizo linapobadilika. Mwaka 2002 wahandisi hao, Fonseca, English, von Arx na Allen, walichapisha matokeo ya kihisi cha namna hiyo kilichofanya kazi hadi nyuzi 400. Nia ilikuwa injini za ndege.

Wazo hilo likahamia mahali pengine pagumu, penye chumvi, uvuguvugu na mtikisiko usiokoma: mwili wa mtu. Mark Allen, yule wa Georgia Tech, na daktari wa moyo Jay Yadav walianzisha kampuni ya CardioMEMS, na kauri ikabadilishwa kwa kioo cha silika safi. Kihisi chenye urefu wa sentimita moja na nusu hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye ateri ya mapafu, kikaachwa humo. Mgonjwa wa moyo hulala juu ya mto wenye antena nyumbani kwake, na daktari husoma shinikizo kabla miguu haijaanza kuvimba. Utafiti wa wagonjwa 550 uliotoka katika The Lancet mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika miezi 6 kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kulikuwa pungufu kwa asilimia 28 kwa wale ambao madaktari wao waliona vipimo hivyo. Marekani ilikiidhinisha Mei 2014.

Niseme pia mahali ambapo kihisi cha kauri huumia. Asidi ya hidrofloriki huitafuna. Mvuke wa kusafishia ukifuatwa na maji baridi hukipinda kwa sababu uso wake wa mbele umepoa na wa nyuma bado una moto, na kwa dakika chache kinasoma shinikizo ambalo halipo. Ndiyo sababu baadhi ya selo sasa zina kipimajoto nyuma tu ya kiwambo ili kulisahihisha kosa hilo. Pete ya mpira inayoziba kati ya kauri na mwili wa chuma huzeeka mapema kuliko kauri yenyewe, na lazima ichaguliwe kwa kemikali iliyomo tangini, si kwa iliyoko dukani.

Lakini kinachokiua mara nyingi ni mkono wa haraka wakati wa usafi. Kiwambo kinachovumilia bar nyingi zilizosambaa usoni kote hakivumilii ncha ya bisibisi, kwa kuwa ncha huweka mzigo wote kwenye nukta moja, na kauri haina namna ya kulegea ili kuugawa. Tope likikauka juu yake, liloweke kwa maji, au kwa asidi nyepesi kama ni chokaa, ulipe muda, kisha ulitoe kwa brashi laini. Badilisha pete ya mpira kila unapokifungua, usubiri kipoe kabla ya kusoma sifuri, na kama sifuri imehama, itafute sababu kwenye pete na kwenye mkazo wa kufunga kabla ya kukilaumu kiwambo.